Jino Linaloning'inia

Mtu ninayemtafuta alisimama mbele ya kibanda changu pale Mikumi kwa muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai, kisha nikamwacha aondoke. Nimelirudia tukio lile mara mbili, mara kumi, na jibu halibadiliki: alitaka kujua jambo moja, nami nikamtajia bei.

Kibanda changu kiko kando ya barabara kuu. Wageni wanaotoka mbugani hushuka hapo na vumbi na pesa, nami huwa tayari kwa vyote viwili. Nauza mikoba, vipochi na kofia, vyote nimefuma kwa mkono. Uzi naupata kwenye sweta za mitumba, nyumbani Kilosa: nazifumua mpaka yanabaki mabonge yaliyojikunja kama tambi, nayafua, nayanyoosha, naanza upya. Sindano zangu ni spoki za baiskeli zilizosuguliwa kwenye jiwe. Zilikuwa za mama. Nakshi nazo ni za ukoo wa mama, zile pembetatu zinazofuatana ambazo bibi zetu walizisuka kwenye mikeka na makawa wakaziita meno. Mama alizihamishia kwenye uzi.

Mkoba wake mwenyewe, aliotembea nao mpaka alipofariki, umezungukwa na mstari wa meno yaliyosimama. Moja tu linaning'inia kutoka juu, ncha chini. Nilipokuwa msichana najifunza kufuma nilimuuliza kwa nini halinyooshi. Akasema, "Liache hivyo hivyo," akaenda kufunua chungu ambacho hakikuwa hata motoni.

Mwaka jana nikaunakili mkoba ule, jino na kuning'inia kwake. Nikafuma mitatu, nikaitundika mbele kabisa.

Akaja mfugaji mmoja, shuka la bluu begani, amenizidi umri kidogo. Nikamkaribisha kwa kumwita kaka, kama ninavyomwita kila mwanaume mwenye dalili ya kununua. Hakugusa kofia, hakugusa vipochi. Alishika mkoba mmoja, akaweka kidole kwenye lile jino, akauliza nani ameufuma hivi.

Ningeweza kusema ukweli bure. Lakini kibandani ukisema kitu ni cha mama yako, mnunuzi anakiona kikuukuu. Ukisema umekibuni wewe, bei inapanda yenyewe. Nikamwambia nimebuni mwenyewe, kichwani mwangu.

"Hakuna mwingine anayefuma hivi?" akauliza.

"Tanzania nzima, kaka. Angekuwepo ningekuwa nimeshamsikia."

Akauning'iniza tena msumarini, akaunyoosha mkanda wa mkoba usijipinde, akasema, "Basi." Akavuka barabara. Nikampigia kelele kwamba nitampunguzia. Nikampunguzia mara mbili, mgongo wake hata haukugeuka. Siku nzima nilikereka. Mtu asiyeomba punguzo nilikuwa sijawahi kumwona, na sikupenda kuanza siku ile.

Miezi miwili baadaye, mama mwenye duka la zawadi kwenye kambi moja ya wageni aliiona ile mikoba. Mmoja nilikuwa nimeshauuza, ikabaki miwili. Alitaka ishirini, ila lile jino lililokosewa nilinyooshe, wageni wasije wakadhani tunauza makosa. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Nikarudi Kilosa, nikaulaza mkoba wa mama mapajani nihesabu vizuri. Vitanzi mia moja na kumi na viwili. Kila jino vitanzi kumi na sita. Meno saba. Nikahesabu tena kwa kidole, kuanzia kwenye mshono, nikapata saba.

Mikono ikasimama. Mama alikuwa akitugusisha meno yale tukiwa wadogo: hili ni wewe, hili ni mdogo wako, hili la anayekufuata. Na sisi tulizaliwa sita. Mimi ninayehesabu mpaka vipande vya nyama kwenye sahani ya mgahawa, mkoba wa mama yangu sikuwahi kuuhesabu. Tena mimi ndiye kifungua mimba, nimejivunia hilo maisha yangu yote, na kati ya mshono na jino langu lilikuwepo lile linaloning'inia.

Kesho yake nikaenda Masanze kwa mdogo wake mama. Nikamkuta anapepeta mpunga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, ungo ukiendelea. Nikautoa mkoba nikamwambia nataka kulinyoosha jino. Ungo ukakoma. Akauliza nani amenituma. Nikasema hakuna, ni oda ya duka.

"Kabla yako kulikuwa na mwingine," akasema. "Wa kiume. Aliota ya juu kwanza."

Alinieleza polepole, huku akiokota chenga moja moja. Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza waliita kigego, na wazee wa wakati ule waliamini ataimaliza nyumba. Mtoto wa hivyo hakulelewa. Akifa hakuliliwa. Wazee walimwambia mama awaachie wao. Mama akambeba mgongoni kabla hawajarudi kumchukua, akatembea siku nzima mpaka Tindiga, kwenye boma la wafugaji ambako mwanamke mmoja alikuwa amezika kichanga na maziwa yalikuwa hayajakauka. Kwao jino lilikuwa jino tu. Mama aliporudi alisema mtoto amekufa njiani kwa homa. Hakuna aliyeuliza kaburi.

Sisi sita tulipokwisha kuzaliwa, akafuma mikoba miwili inayofanana. Mmoja akaupeleka kule bomani wampe mwanawe. Wa pili akawa anauvaa kifuani kila siku ya mnada Tindiga, mpaka miguu ilipomkatalia. Boma lile lilikuwa limeshahama kufuata majani, akabaki kumtafuta mnadani. Nilidhani alikuwa akienda kununua mchele.

"Alisema wakikutana hawataulizana jina," mama mdogo akamalizia. "Wataulizana mkoba."

Nilikaa palepale kwenye mkeka, na yule mtu wa Mikumi akaja akasimama mbele yangu na kidole chake. Nikamsikia akiuliza kama hakuna mwingine. Nikajisikia nikimjibu. Nikamweleza mama mdogo yote. Akaniuliza kama niliyaona meno yake. Nikamwambia huwa naangalia mikono, mikono ndiyo inayoingia mfukoni. Hakucheka, na mimi sikuwa natania.

Oda ya ishirini niliikataa. Yule mama mwenye duka alidhani nataka anyanyue bei, akanyanyua, nikakataa tena, akaniangalia kama mgonjwa. Mikoba miwili iliyobaki niliifumua kwa mikono yangu mpaka uzi wa mwisho. Ule niliouuza kwanza ulipanda basi la Mbeya begani kwa binti mmoja mwanafunzi. Huo ndio unaonisumbua. Naona yule wa shuka la bluu, mzee wa watu, akimsimamisha binti yule stendi, akimuuliza mama yake ni nani, na binti akikaza mwendo akidhani ni tapeli.

Pale Mikumi nimeuliza kila anayeuza maziwa na kila anayepitisha mbuzi. Wananiambia wanaume wa shuka la bluu wako wengi, mama, labda utupe jina. Jina sina. Wakati mwingine mtu anasimama mbele ya kibanda na jua liko nyuma yake, nainuka na maneno yakiwa tayari mdomoni, kumbe anataka kujua choo kiko wapi.

Siku za mnada nafunga kibanda, naenda Tindiga. Nimeshakwenda mara tisa. Nauvaa mkoba wa mama kifuani, napita katikati ya ng'ombe na watu wakibishana. Wiki iliyopita mzee mmoja mfugaji alinisimamisha. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akauliza mkoba bei gani.

"Siuzi, mzee."

"Sasa mnadani umeuleta wa nini?"

"Kaufuma mama yangu," nikasema, kwa sauti ya muuza nyanya, wasikie na waliokuwa mbali. "Alifuma miwili. Wa pili yuko nao mwanawe."

Aliliangalia jino, akasema atauliza wenzake wa upande wa mtoni, akarudi kwenye fahali aliyekuwa akimpigia bei. Labda atauliza. Labda alitaka tu kuondoka bila kuniudhi. Mbinu hiyo naijua, nimewahi kuitumia.

Nikasogea mpaka kwenye njia wanayoingilia wanaotoka malishoni na mifugo. Vumbi lilikuwa jingi, watu wanatokea humo mmoja mmoja bila sura. Nikaugeuza mkoba, upande wenye jino lile uwaelekee wao.