Tulikwenda Kisiwani Kupumzika

Wazo la kwenda kisiwani lilitoka kwenye karatasi ya kufungia karanga. Rafiki yangu alikuwa anauza duka la baba yake katikati ya mji wa Sumbawanga, ingawa kusema anauza ni kumpamba. Ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya Ujamaa, sukari na sabuni tunagawiwa kupitia kwa balozi wa nyumba kumi, na kwenye rafu za duka lile kulikuwa kumebaki dawa ya viatu, viberiti vilivyoingia unyevu na karanga za kupima kwa kikombe. Karanga hizo alizifunga kwa kurasa za magazeti ya zamani ya Kizungu yaliyoachwa na mpangaji mmoja. Kwenye ukurasa mmoja palikuwa na picha ya wanawake watatu wamelala juu ya mchanga, mbele yao maji, macho wamefumba.

Akaniuliza hawa wanafanya nini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba mtaa wa Malangali, na kwa sababu hiyo nilidhaniwa kujua mambo. Nikamwambia wanapumzika, wamekwenda likizo kisiwani.

"Na sisi twende," akasema.

Nilidhani anatania. Alikuwa amerudishwa kwao na mumewe mwaka uliotangulia, baada ya ndoa ndefu isiyo na mtoto, na tangu arudi alikuwa hatanii sana. Lakini alikwisha kupanga. Lori la baba yake mdogo lilikuwa bado linatembea, likipeleka unga Kipili, bandarini ziwani, na kurudi na samaki. Dereva wake alikuwa na shangazi mjane anayeishi kwenye kisiwa kimoja kilicho mbele ya Kipili, naye angetupokea. Kilichobaki ni kumpata mwenzetu wa tatu.

Huyo wa tatu tulisoma naye darasa moja, akaolewa na mkulima katika kijiji kilicho karibu na mji. Alikuwa na watoto watano, shamba la mahindi, shamba la ulezi, zamu kwenye shamba la kijiji, na mama mkwe. Jumapili baada ya misa, rafiki yangu Mwislamu akiwa ametungoja nje, tulimvuta pembeni ya kanisa tukamweleza. Hakuuliza kisiwa kiko wapi wala tutakula nini. Aliuliza kama huko mtu ataweza kulala mpaka jua litoke. Tulipomhakikishia, akaenda kumwambia mumewe kwamba anafuata samaki ziwani, migebuka ya bei rahisi.

Tuliondoka Juni, shule zimefungwa, baridi ya kwetu Ufipa imekaza. Tulipanda juu ya magunia ya unga tumevaa masweta na kujifunga vitenge kichwani mpaka puani. Njia nzima mpaka Namanyere meno yalikuwa yanagongana. Barabara ilipoanza kushuka kuelekea ziwani, joto likatupanda kutoka miguuni kama tunaingizwa kwenye sufuria. Tukavua masweta, tukavua vitenge, na tulipofika Kipili tulikuwa tumelowa jasho na weupe kwa unga, hata watu wa forodhani wakatupisha njia.

Mwenzetu mkulima alikuwa hajaliona ziwa maishani mwake. Alisimama akalitazama muda mrefu.

"Maji yote haya," akasema, "na sisi tunapigania bomba moja."

Boti ya kutuvusha ilikuwa na injini, lakini katikati ya safari ilizimika. Mwenye boti akatugawia makasia bila maneno mengi, akituelekeza jinsi ya kuvuta. Kwa hiyo tulifika kisiwani kwa nguvu zetu wenyewe, viganja vimechubuka, na yeye akaahidi kurudi kutuchukua Ijumaa.

Shangazi wa dereva alitupokea vizuri. Tulimwamkia shikamoo bibi, akaitikia huku akitupapasa mabega na mikono, mmoja baada ya mwingine, akikaa zaidi kwa rafiki yangu wa dukani. Alitupa chumba ambacho nusu yake ilikuwa na dagaa waliokauka na nusu nyingine ilikuwa ya mbuzi wake. Akasema mbuzi hana shida, ila asiguswe masikio.

Hatujamaliza kuweka mizigo, mwenyekiti wa kijiji akafika. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Akauliza tumekuja kufanya nini.

"Kupumzika, Ndugu Mwenyekiti," rafiki yangu akamjibu.

Akafikiri. "Mnaumwa?"

"Hapana."

"Sasa mnapumzika nini?"

Rafiki yangu alijaribu kumweleza habari za likizo, jinsi wenzetu wa nchi nyingine wanavyokwenda visiwani kukaa tu. Mwenyekiti alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye binafsi hana ugomvi na jambo hilo, lakini amri iliyopo ni kwamba kila mwenye nguvu aliyelala kijijini asubuhi yuko kwenye shamba la kijiji, na wilayani wamekazia sana habari za wazururaji. Majembe tutapewa.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba asubuhi ya kwanza ya mapumziko yetu tuliamshwa kabla ya jua, tukapandishwa mlima wenye mawe tukalime mihogo. Mwenzetu mkulima alilima huku akicheka peke yake, kicheko ambacho hakikunifurahisha kukisikia. Amekimbia mashamba matatu, akasema, akaja kuvuka ziwa kutafuta la nne. Hata hivyo hakuweza kujizuia; ilipofika saa nne alikwisha kuwafundisha wanawake wa pale namna sisi tunavyofukia majani chini ya vilima vya udongo ili yaoze. Mwenyekiti alipendezwa sana. Akamwomba kesho yake aongoze kikosi.

Mchana tulishuka ufukoni, maana bado tulikuwa na ile picha vichwani. Mchanga ulikuwepo, mweupe na laini, lakini wote ulikuwa umetandazwa dagaa. Tulipotafuta pa kukaa, wanawake wakatupigia kelele kwamba tunalalia chakula cha watu. Tukazunguka upande wa pili, tukapata kipande kidogo kati ya majabali, tukatandika kanga, tukalala chali na kufumba macho. Ninakiri kwamba kulikuwa kuzuri. Maji yalikuwa yanapiga mawe taratibu, jua limeingia mpaka kwenye mifupa, na mwenzetu mkulima alianza kukoroma palepale.

Tuliamshwa na vilio. Akina mama waliokwenda kuteka maji walituona kwa mbali, wanawake watatu wasiojulikana wamenyooka ukingoni mwa ziwa, wakajua tumezama na kutupwa nje na mawimbi. Nilipofumbua macho, mmoja alikuwa amekwisha kuanza kutuombolezea kwa wimbo, na wanaume wawili wanashuka na mkeka wa kutubebea. Tulipoinuka, wale wanaume waliutupa mkeka wakakimbia.

Jioni mwenyekiti akarudi. Hakukasirika. Alisema tu kwamba kijiji chake kimepata mshtuko, mzee mmoja bado anatetemeka, kwa hiyo angetuomba mtu akitaka kulala alale ndani. Ndani kulikuwa na mbuzi.

Kuanzia siku hiyo wanawake wa kisiwani walitupa maelezo yao wenyewe, kwa kuwa yetu hayakueleweka. Walipokutana nasi kisimani au shambani walitutazama matumboni kwa huruma. Mmoja aliniuliza waziwazi ni nani kati yetu. Nikamuuliza nani wa nini. Akashangaa. Kwani hatukujua kwamba bibi tuliyefikia kwake ndiye anayetoa dawa ya uzazi? Watu wanamfuata kutoka Wampembe, wengine mpaka kutoka ng'ambo ya ziwa, Zaire.

Nilirudi mbio kumsimulia rafiki yangu nikidhani tutacheka. Alikuwa ameketi kwenye kigogo nyuma ya nyumba akimchambulia bibi dagaa. Nilisimulia habari yote, na yeye hakuinua uso.

"Nilijua," akasema. "Dereva aliniambia tangu Sumbawanga."

Nikakaa chini. Akaniambia mengine polepole, kama anamwelezea mtu mwingine asiyekuwepo. Baba yake alikuwa amekwisha kukubaliana na mfanyabiashara mmoja wa Mpanda, mtu mzima, mwenye wake wawili. Ndoa ingefungwa baada ya Idi. Yule mume wa kwanza naye alikuwa amemtumia ujumbe kwamba kama kungekuwa na dalili yoyote ya matumaini angemrudia. Ndiyo maana alitaka kuja. Alitaka tuje wote watatu kwa sababu mwanamke akisafiri peke yake kwenda kwa mganga kila mtu anajua, lakini watatu wanaweza kusema wamekwenda kupumzika.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngenionea huruma tangu nyumbani. Nilitaka nicheke nanyi kwanza."

Kesho yake asubuhi bibi alimpa dawa. Ilikuwa kibuyu kizima cha maji ya mizizi, meusi, yenye harufu ya udongo na ya kitu kilichoungua. Rafiki yangu alikunywa nusu akasimama, akashika ukuta, akanywa tena. Bibi hakumwahidi chochote. Alisema wengine inawashika na wengine haiwashiki, kisha akaenda kumfungua mbuzi. Mwenzetu mkulima, ambaye tumbo lilikuwa linamsokota kwa samaki wa jana, akauliza kama hiyo dawa inafaa pia kwa tumbo. Bibi akasema tumbo ni tumbo. Mwenzetu akanywa iliyobaki yote na kusema si mbaya kuliko pombe ya ulezi ya mama mkwe wake.

Ijumaa boti haikuja. Tulikaa kwenye majabali na mizigo yetu mpaka jua likazama upande wa Zaire. Jumamosi haikuja pia. Wavuvi wakatuambia petroli imekwisha Kipili, lori la mafuta limekwama mahali fulani, na hakuna ajuaye litafika lini. Tukaendelea kulima. Wiki ya pili mimi nikashikwa na homa, kama inavyotupata sisi watu wa baridi tukishuka ziwani, nikalala kwenye kile chumba nikitetemeka, na mbuzi akaja kujilaza ubavuni kwangu. Nilishukuru kwa joto lake. Kwenye zahanati ya Kipili dawa za kwinini zilikuwa zimekwisha, na hata zingekuwepo hapakuwa na chombo cha kuzifuata.

Mwishowe wavuvi wawili walituvusha kwa mtumbwi. Mwenzetu mkulima alikuwa amenunua furushi la migebuka ili asirudi mikono mitupu. Kipili tulingoja lori, joto likawa kali, na kufika Namanyere samaki walikuwa wameanza kunuka hata dereva akatuomba tuwatupe. Mwenzetu mkulima akakataa kuwatupa. Alikwenda nao mpaka nyumbani kwake, mumewe akafungua furushi, akalifunga, akamuuliza amekuwa wapi wiki zote hizo. Akasema ukweli, kwamba alikuwa analima. Mumewe hakumwamini na nadhani mpaka leo hamwamini.

Dawa haikumshika rafiki yangu. Alingoja Julai, akangoja Agosti, na kila nilipopita dukani nilijua kwa kumtazama tu. Yule mume wa kwanza hakutuma ujumbe mwingine. Tukasikia ameoa Kigoma. Baada ya Idi rafiki yangu akapelekwa Mpanda kwa lori lilelile la baba yake mdogo, amekaa mbele na dereva, sanduku lake nyuma. Mimi na mwenzetu mkulima tulikwenda kumuaga. Hatukumwambia kwamba mwenzetu alikuwa na mimba, ingawa nguo ilikuwa imekwisha kumsaliti. Aliona mwenyewe. Alimgusa tumbo kwa kiganja, akasema, "Wewe ulikuwa unatibu tumbo," kisha akacheka, tukacheka wote watatu, na lori likawashwa kabla hatujajua la kufanya na kile kicheko.

Walizaliwa mapacha. Mama yao alidhoofika sana baada ya hapo, akaacha kuja mjini, na tulipoonana kanisani alikuwa akisinzia tangu kuingia mpaka kutoka.

Nilifika Mpanda mara moja, miaka kadhaa baadaye, kwa mafunzo ya walimu, nikamtafuta rafiki yangu. Nyumba ilikuwa kubwa, ua umefagiwa, wake wenzie wamekwenda msibani. Alikuwa amenenepa kidogo. Watoto wa wenzie waliingia na kutoka wakimwita mama mdogo, wakimwomba hiki na kile, naye akiwapa bila kuwatazama. Tuliongea habari za bei ya mchele na za walimu wetu wa zamani. Nilimuuliza kama mumewe ni mtu mwema. Alisema si mkorofi. Nilimuuliza kama angependa kuja Sumbawanga siku moja, tukae hata siku chache.

"Kufanya nini?" akaniuliza, na sauti yake haikuwa na uchungu, alitaka kujua tu.

Wakati huo mtoto mmoja akaanguka uani, akalia, naye rafiki yangu akainuka kwenda kumtazama. Nilimngoja kidogo, chai ikapoa, halafu nikakumbuka kwamba gari la kuturudisha bwenini lilikuwa linaondoka saa kumi. Nilimkuta uani anamwosha mtoto goti. Tuliagana pale pale, mikono yake ikiwa imelowa.