Kiti Kisichozidi Baraza ya Dada

Tulipomaliza kidato cha nne, wenzangu walitawanyika. Wengine walikwenda Nairobi, wengine Maskati, mmoja akafika hata Uingereza. Mimi nilikwenda chumba cha pili. Baadaye nikaolewa kichochoro cha tatu kutoka kwetu, humu humu Mji wa Kale, na arusi ilipokwisha nikamlalamikia mama kuwa wamenipeleka mbali.

Kwa hivyo magoti yaliponigomea, watu hawakuona kama nimepungukiwa na kitu. Jirani yangu mmoja, mzee anayekunywa kahawa pale konani kila alasiri na kumsema kila apitaye, alitoa uamuzi wake mapema. "Huyu alikuwa haendi popote kwa hiari yake," alisema. "Sasa haendi popote kwa cheti cha daktari."

Nilicheka, maana lilikuwa neno zuri. Lakini iko safari moja ambayo mzee yule hakuihesabu, kwa kuwa niliifanya kila siku na yeye alikwisha kuizoea kama alivyozoea ukuta. Baada ya swala ya alasiri nilikuwa nikijifunga buibui langu nikienda kwa dada.

Dada ndiye mkubwa wetu. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyekaa mahali pake, na hakuna aliyemchagua. Tulimkuta tu ameketi. Kifua chake hakimpi ruhusa ya kutembea, basi hukaa dakani kwake, pale penye kivuli mbele ya mlango, juu ya baraza ya mawe, na birika lake la kahawa ubavuni. Watu humwendea. Mimi, mdogo wake, ndiye ninayepaswa kumwendea kuliko wote, na siku ya Idi ndiyo kabisa: mdogo humfuata mkubwa, huinama, hupokea mkono wake na kuubusu. Kwetu Idi haijaingia mpaka jambo hilo lifanyike, hata kama pilau imeshaliwa.

Idi mbili zilinipita kitandani. Nilimwamkia kwa simu. Nyumba zetu ziko karibu mno hata adhana moja niliisikia mara mbili, mara ya kwanza dirishani na mara ya pili ndani ya simu kutoka kwake.

"Naubusu mkono wako, dada," nilimwambia Idi ile ya pili.

"Waibusu simu," akanijibu. "Ifute mate kabla haijaharibika."

Kisha akasema, "Idi ya tatu sijui kama nitakuwa na mkono wa kukupa." Alisema kwa mzaha wake ule ule, lakini nilimsikia akivuta pumzi, na pumzi ile haikuwa na mzaha.

Kuanzia hapo niliacha kujidai kwamba kukaa ndani ndiyo raha yangu. Kukaa ndani kwa kupenda na kukaa ndani kwa kuzuiwa ni vitu viwili, ingawa mto wa kuegemea ni ule ule.

Mashauri yalikuja mengi. Tuktuk haziingii vichochoroni kwetu. Vijana wa ukoo walisema watanibeba juu ya kiti. Mzee wa konani alijitolea kuniazimia mkokoteni unaoleta maji, akasema utaoshwa kwanza. Niliwashukuru wote nikakataa. Kubebwa na wanaume wanne kuna siku yake, na sikuona haraka ya kufanya mazoezi.

Binti yangu ndiye aliyeleta habari za kigari cha umeme. Kuna duka la vifaa vya wagonjwa upande wa Makadara, alisema, na wanangu wote wamekwisha kukubaliana kunichangia. Nilimuuliza nani amewapa ruhusa ya kukubaliana bila mimi. Akasema, "Mama, wewe ukiulizwa utasema subiri." Kweli ningesema subiri. Namshukuru Mungu kwa watoto wanaomjua mama yao kiasi hicho, japo inaudhi.

Nilimpa kazi moja kabla hatujaondoka. Achukue uzi, aende njia yote mpaka kwa dada, apime pale penye wembamba kuliko kote, apige fundo. Alikwenda mara baada ya swala ya adhuhuri, jua kali, milango imefungwa, njia nyeupe. Akarudi na uzi wenye fundo. Niliukunja nikautia mkobani kwa heshima zote, kama mhandisi aliyepima daraja.

Muuzaji alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye tai, na msalaba mdogo shingoni. Alianza na biashara papo hapo. Nilimwambia, "Mwanangu, kwanza tuamkiane." Tukaamkiana. Nilimuuliza hali yake, ya mamake, ya huko kwao na mvua ya huko kwao. Tulipomaliza alikuwa ametulia, na mimi nilikuwa nimepata nafasi ya kuvitazama vigari bila kuonekana kama sijui kitu. Kwa kweli sikujua kitu.

"Mama, kwa siku utakuwa unaenda umbali gani?" akaniuliza. "Ni muhimu kwa betri."

"Kwa dada yangu."

"Ni kama kilomita ngapi?"

"Kilomita haifiki. Ni vichochoro vitatu na watu wake."

Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Vilikuwepo viwili vya kuchagua. Kimoja kilikuwa na magurudumu matatu, cha rangi ya kijivu, chembamba, na kikapu mbele kama baiskeli ya mwalimu wa chekechea. Cha pili kilikuwa na magurudumu manne, chekundu, kina taa, vioo viwili, honi, na kiti kipana kilichoinuka kama cha dereva wa basi la Nairobi. Nilikaa juu yake. Binti yangu akacheka.

"Wacheka nini?"

"Umekaa kama unakwenda kukagua gwaride."

Hilo ndilo lililoniharibu. Mtu ambaye maisha yake yote hajakagua hata sufuria ya jirani, akiambiwa hivyo hupoteza akili. Tulitoa uzi, tukapima. Chekundu kiliingia ndani ya kipimo cha uzi, na nafasi ikabaki. Nikasema nataka hicho. Muuzaji akasema ninaweza kukaa nacho siku mbili kukijaribu, kisha nitoe neno langu. Namshukuru kijana yule mpaka leo kwa siku mbili zile.

Kesho yake, baada ya alasiri, nilitoka. Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mtoto mdogo wa mtaa huu analijua. Adhuhuri vichochoro vyetu ni njia. Alasiri ni ukumbi. Mabaraza yote yalikuwa yamejaa: wanaume na kahawa zao, wanawake na majungu yao, mikeka imetandikwa, mama wa viazi vya karai amekwisha kuteleka. Na miguu. Miguu imenyooshwa kutoka pande zote mbili, mirefu, mifupi, yenye makubadhi na isiyo na makubadhi, ikikutana katikati.

Honi ilikuwepo chini ya kidole gumba changu. Lakini utampigiaje honi mzee aliyekaa barazani kwake akizungumza? Ni kama kumpigia honi mtu sebuleni. Basi nikafanya lililo la adabu.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," wakajibu wote, kama desturi, na ndipo wakatazama ni nani anayebisha hodi barabarani.

Kichochoro cha kwanza kilipitika. Walikunja miguu, wakavuta mikeka, wakaniuliza hali, nikajibu, kila baraza salamu zake kamili. Tulipofika konani kwa wanywa kahawa, mambo yakakwama. Kulikuwa na jiko la makaa na dele la kahawa juu yake, na pembeni yake fundi wa zamani wa majahazi ambaye goti lake halikunjiki tena, mguu wake umelala njiani kama mbao zake za kale. Jirani yangu aliweka kikombe chini.

"Bibi," akasema, "umetuletea lori la bandarini?"

"Ni kigari. Nimepima njia, kinapita."

"Umepima lini?"

"Binti yangu alipima adhuhuri."

Mzee akawageukia wenzake. "Amepima kuta," akawaeleza, kwa huruma kubwa. "Sisi hakutupima."

Walikuwa tayari kuinuka. Hilo nalo nalishukuru. Dele lilikuwa limekwisha kushikwa, na yule fundi alikuwa ameegemea ukuta akijaribu kujiinua, uso umemkunjamana. Nikamwona. Nikawaza: leo atainuka, na kesho, na kesho kutwa, na mimi nitakuwa mwanamke anayewasimamisha wagonjwa wenzake kila alasiri ili apite na kioo cha pembeni.

"Kaeni," nikasema. "Narudi."

Kurudi nyuma nako kulikuwa na adhabu yake. Kigari kile, ukikirudisha nyuma, hupiga kelele kwa sauti nyembamba, tii, tii, tii, kama gari la kontena. Nililia tii kichochoro kizima. Watu walikunja miguu upya, safari hii kwa kicheko, na mama wa viazi akaniongoza kwa mkono kama utingo: "Njoo, njoo, kulia, hapo hapo."

Sijavua buibui simu ikalia. Ni dada.

"Nimesikia lori likirudi nyuma," akasema. "Ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi."

Alicheka mpaka akakohoa, nikamngoja. Kisha akauliza kigari chenyewe kikoje, nikamweleza: taa, vioo, kiti kilichoinuka.

"Kimeinuka kuliko baraza yangu?"

Nilikuwa sijaliwaza kabisa. Ningefika pale, ningekuwa nimeketi juu na yeye chini; mimi siwezi kushuka, yeye hawezi kusimama. Angelazimika kuunyanyua mkono wake kuja kwangu, kama mwanafunzi anayeomba kutoka nje.

"Mdogo wangu," akasema dada, "mimi siamkiwi kutoka ghorofani."

Binti yangu alitumwa tena na uzi. Mara hii alikwenda alasiri, watu wakiwa wamekaa, akapima kati ya mguu na mguu, akaombwa apime na tumbo la jirani yetu kwa usalama. Kisha akaenda dakani akapima baraza ya dada kutoka sakafuni. Mafundo mawili.

Muuzaji alituona tukirudi na chekundu, akaniamkia vizuri, mwanzo mpaka mwisho, bila kukumbushwa. Nilimwonyesha kile cha kijivu.

"Hiki kiti chake hushuka?"

"Kinashuka, mama. Lakini wengi hupenda kiwe juu, waone mbele."

"Mimi nataka kiwe chini ya fundo hili."

Aliutazama uzi. Nilimweleza habari za dada, baraza na mkono wa Idi, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alipiga magoti akalegeza skrubu, akakishusha kiti mpaka tundu la mwisho. "Kwetu," alisema akiwa chini pale, "ukimkuta nyanya njiani unashuka baiskeli kwanza, ndiyo umsalimie. Mimi nilichapwa kwa sababu hiyo." Kisha akapima kwa fundo letu. Kiti kilikuwa chini yake, si kwa mengi, na upana nao ukaingia katika fundo lile lingine.

Nilimwomba pia aizibe ile sauti ya tii. Akasema hiki cha kijivu hakina. Nikaona kumbe Mungu alikuwa amekichagua kabla yangu.

Siku ya Idi nilivaa nguo mpya, nikatoka. Hodi, karibu, hodi, karibu. Hakuna aliyekunja mguu. Konani dele halikusogezwa, na gurudumu langu lilipita kando ya unyayo wa fundi wa majahazi, naye akavichezesha vidole, ndiyo mkono wake wa Idi. Jirani yangu alinitazama nikipita kwenye kigari changu chenye kikapu.

"Umehitimu chekechea?" akauliza.

"Naanza leo. Omba nifaulu."

Dada alikuwa dakani, amejitanda leso mpya, anajifanya hanioni. Nilikisogeza kigari mpaka magoti yetu yakakaribiana. Yeye alikuwa juu, mimi chini, kama ilivyokuwa tangu nizaliwe. Aliutoa mkono. Niliinama, si sana, kiasi ambacho mgongo wangu uliweza, na hiyo ilitosha. Mkono ulinukia udi na kahawa, na ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoukumbuka. Nikaubusu. Hakuuondoa upesi, na mimi sikuuachia upesi.

"Idi njema," akasema. "Umechelewa."

Akanimiminia kahawa. Akatia kikapuni mwangu pakiti ya halua ya kupeleka nyumbani, katika kikapu kile nilichokidharau, akasema angalau kitu kimoja katika gari hili kina kazi. Tulikaa. Watu walikuja wakaubusu mkono wake wakaondoka, na mimi nikabaki, na jua likahama ukuta hadi ukuta. Mwishowe nikasema kwa mazoea yangu, "Dada, nirudi zangu nyumbani."

"Warudi kufanya nini? Umekuja na kiti chako mwenyewe."

"Basi nikae mpaka lini?"

Dada alikitazama kigari, akainama kidogo kuitafuta taa ndogo ya kijani inayoonyesha chaji ya betri, akaipata.

"Mpaka hiyo izime," akasema, akainua birika.