Jeneza la Msikiti na Mbwa Wangu

Kazi yangu ya mshahara ilikuwa ukarani katika ofisi ya misitu, lakini nikirudi nyumbani nilivua viatu nikashika randa. Useremala nilifundishwa sekondari, na katika masomo yote ndilo lililobaki mikononi mwangu. Kibaraza chetu kilijaa maranda mwaka mzima. Nilitengeneza vigoda, kabati la vyombo ambalo mlango wake haukufunga vizuri hata siku moja, na banda la sungura lenye ghorofa. Wageni walilitazama lile banda kwanza, kisha ndipo wakakumbuka kutusalimu.

Rafiki yangu aliishi ng'ambo ya mfereji. Alilima kabichi na karoti. Yeye Mwislamu, mimi Mlutheri, na tulitahiriwa msimu mmoja. Ndiye aliyenipa mbwa. Jike lake, lililolinda mahindi dhidi ya nguruwe na nyani, lilizaa, naye akaniletea mtoto mmoja ndani ya kapu la kabichi.

"Mchukue huyu, karani," aliniambia. "Anapenda kulala kuliko kazi. Mtaelewana."

Alimwita Bwana Shamba, kwa kuwa alizunguka mashamba yote asubuhi, akatazama, akarudi nyumbani kulala. Jina likashika, na mimi nikampenda mbwa yule kuliko nilivyokiri mbele ya watu. Nikiranda mbao alilala juu ya maranda yaliyoanguka miguuni pangu.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa. Mwaka huo mvua za masika zilikuwa nyingi, na jeneza la msikiti, lile moja la kubebea kila maiti hadi kaburini, ambalo lilihifadhiwa chini ya paa bovu, lilioza. Siku moja wakimpandisha marehemu mlimani mkono mmoja wa jeneza ulikatika, na mwili ukakaribia kuteleza. Wazee waliona haya. Walikuwa na mbao nzuri za mkulo, hawakuwa na fundi.

Rafiki yangu akanitaja. Mzee mmoja akauliza kama hapakuwa na Mwislamu anayejua kushika msumeno. Mwingine akasema dini ya fundi si neno, neno ni yule mbwa anayelala kibarazani kwake. Mate ya mbwa ni najisi, na jeneza ndicho kipando cha mwisho cha kila mmoja wao.

"Nikawaambia mimi nakudhamini," rafiki yangu alinieleza jioni ile, akiwa amekaa kwenye kigoda changu. "Nikasema mbwa atafungwa mpaka kazi iishe. Usiniaibishe. Wale wazee wakinishika kwa neno hili, sina tena pa kusemea pale msikitini."

"Atafungwa," nikasema.

"Si leo tu. Kila siku."

"Kwani mimi mtoto?"

"Mtoto ningemwambia mara moja."

Nikamfunga mbwa nyuma ya jiko. Mkulo ni mti wa kufanyia kazi kwa raha. Randa inapita, na harufu yake kali kama dawa inabaki kwenye nguo. Nilichonga ndimi na matundu ya kuunganishia mbao, sikutumia misumari ila mahali pawili. Rafiki yangu alikuja kushika ncha ya ubao, akinitania kwamba nalifanya zuri mno, watu watatamani kufa.

Mama yake alikuwa mgonjwa wakati huo. Nilikuwa nikimsalimu nikipita: shikamoo mama, marahaba mwanangu, hilo jeneza limefika wapi? Aliuliza kama mtu anayeuliza nguo yake kwa fundi cherehani. Mimi nilicheka, mwanawe hakucheka.

Baridi ya mwezi wa sita ikaja, na ukungu ukatanda hata mchana. Mbwa alilia nyuma ya jiko. Mke wangu akasema mwongezee kamba afike penye joto. Mimi nikamfungua kabisa. Kazi ilikuwa imebaki msasa tu, nikajiambia, na mimi nipo.

Asubuhi nilipotoka kwenda kunawa, nilimkuta amejikunja katikati ya jeneza, juu ya maranda, analamba ubao pale ambapo kichwa cha maiti hulala. Aliniona, akatikisa mkia.

Nilimfukuza. Nikapiga msasa pale alipolala, nikafuta kwa kitambaa chenye maji. Ubao ukang'aa. Lakini nilijua sheria yao, kila mtu aliyekulia huku anaijua: chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Udongo ulikuwa hatua chache kutoka kibarazani, na maji ya mfereji yalipita mbele ya nyumba. Kilichotakiwa ni mimi kwenda kwa rafiki yangu, kumwambia nilimfungua mbwa, tukaoshe wote wawili. Angenitukana kidogo. Nikaona nitamwambia jioni, nikitoka kazini.

Kabla ya jioni mama yake alifariki. Walinifuata ofisini. Nilipofika nyumbani rafiki yangu alikuwa amesimama kibarazani na vijana wanne, macho mekundu.

"Limekwisha?" akaniuliza.

Mbwa alikuwa amelala uani, hana kamba. Rafiki yangu hakutazama huko. Alikuwa akitazama ule ubao.

"Limekwisha," nikasema.

Akapitisha kiganja chake juu ya ukingo. "Mama angefurahi," akasema. Wakaliinua, wakaondoka nalo.

Nilifuata maziko. Njiani watu hupokezana jeneza, kila mmoja hutia bega hatua chache kisha hupisha mwingine, na jirani Mkristo hakatazwi. Zamu yangu ilipofika nilitia bega. Rafiki yangu alikuwa upande wa pili, uso wake karibu na wangu. Nilijiambia kwamba mtu hasumbui mfiwa.

Kama ningekaa kimya mpaka leo, labda ningekuwa nimebeba dhambi yangu peke yangu. Lakini miezi ilipita, na mwoga akishaona hakuna kilichotokea, huanza kujiona shujaa. Siku moja tulikuwa tunapumzika kwenye shamba la ujamaa, vijana kadhaa wenye elimu kidogo kama mimi na wazee pembeni. Mazungumzo yakaja kwenye mila na imani za kale, kwamba zinarudisha nyuma maendeleo. Nilikuwa napenda sana kusikilizwa.

"Mimi nina ushahidi," nikasema. "Lile jeneza mnaloliheshimu, Bwana Shamba ndiye aliyelizindua. Alilala humo kabla ya yule bibi wa ng'ambo ya mfereji. Na bibi amefika salama, hajarudi kulalamika."

Wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akaangusha jembe. Wazee walikuwa karibu kuliko nilivyodhani, na mmoja wao aliinuka taratibu, akajikung'uta udongo, akaondoka bila kuniaga.

Rafiki yangu alikuja kabla jua halijazama. Hakukaa.

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Nilipiga msasa."

"Msasa." Alilirudia neno lile kama anayelionja. "Ulijua tangu asubuhi ile?"

"Nilitaka kukuambia jioni. Kisha mama..."

"Nilisimama hapa. Nilikuuliza kama limekwisha."

Nikamsogezea kigoda, akakiacha.

"Mama hana kosa," akasema. "Shehe amesema hivyo, asiyejua hahesabiwi. Jeneza tumeliosha leo. Mbwa naye ni mbwa. Na kusahau kumfunga ningekusamehe, hata mimi husahau. Lakini ulimcheka mama yangu mbele ya watu. Alikuwa akikupa viazi, wewe."

Nilimwomba radhi. Akasema amesikia. Pale msikitini hawakumfukuza wala kumtukana kwa kunidhamini. Waliacha tu kumwuliza. Palipohitajika mtu wa kukusanya michango au kusimamia kazi, walimtazama mwingine. Nilijua, kwa sababu alikuwa akirudi mapema.

Nikatafuta jambo la kufanya. Nilikuwa kijana, niliamini kila kosa lina kazi yake ya mikono, ukiifanya limekwisha. Nikamwendea mgambo mmoja mwenye bunduki, nikamwambia mbwa wangu ameleta aibu kijijini. Mke wangu alinisihi. "Ulimfungua wewe," akasema. "Yeye alifungua nini?" Sikumsikiliza. Nilimshika mbwa mwenyewe kwa kamba mpaka nyuma ya migomba, na alikuja kwa furaha, akidhani tunakwenda matembezini.

Mlio ulisikika bonde zima. Rafiki yangu alivuka mfereji akikimbia, akidhani kuna mtu ameumia. Alimkuta mgambo anafuta bunduki, na mimi nimeshika kamba.

Alichuchumaa. Alimgusa mbwa shingoni kwa mkono wake mtupu, yeye aliyejua fika atalazimika kuuosha.

"Nani alikuambia nataka hiki?"

"Nilifikiri..."

"Nilimtoa kwa mama yake mimi. Nilimbeba kifuani ndani ya kapu." Akainuka. "Sasa watasema ni mimi niliyetaka auawe. Umenipa na hili nilibebe."

Akaenda kuchukua jembe lake, akachimba shimo pale pale chini ya migomba. Nilitaka kumsaidia, akanyoosha mkono kunizuia. Alipomaliza alichukua udongo safi na maji ya mfereji, akanawa mikono, polepole, tena na tena, nami nikasimama namtazama mpaka alipomaliza.

Asubuhi iliyofuata nilimsubiri njiani. Tangu utotoni sisi wawili hatukuzungumza ila Kishambaa. Kiswahili kilikuwa cha ofisini, cha mikutano na cha wageni. Nikamsalimu kwa Kishambaa, nikamwuliza ameamkaje.

"Salama, ndugu karani," akanijibu kwa Kiswahili. "Habari za nyumbani?"

Nikamjibu kuwa nzuri. Akainamisha kichwa kwa adabu, akajitwika kapu lake la karoti, akateremka kwenda sokoni. Mpaka leo tunaishi ng'ambo na ng'ambo ya mfereji, wazee wote wawili. Hajawahi kupita bila kunisalimu, na hajawahi kunisalimu kwa lugha nyingine.