Mume Wangu Hakuwa Mobeni

Mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia kuchezwa huku kwa Wazulu, tulikuwa tunakaa mtaa wa Umbilo, mimi, mume wangu na binti zetu wawili, kwenye fleti ya chumba na sebule. Mimi nilisuka nywele saluni mjini. Yeye alifanya kazi kwenye ghala la magodoro huko Mobeni, na aliponiambia wamempandisha cheo, nilisimama kanisani Jumapili nikatoa ushuhuda. Watu walipiga makofi. Msimamizi wa ndoa yetu, ambaye sisi Wakongo tunamwita parrain, aliinuka akamkumbatia mume wangu mbele ya kanisa zima.

Wote wawili walijua kwamba hakuna cheo wala kazi.

Mimi sikujua, ila nilianza kuhisi kitu. Ovaroli ilikuwa hairudi tena na vumbi. Usiku alisaga meno usingizini, na nikimuuliza habari za kazini alijibu kwa neno moja. Nikaenda kwa marraine, mke wa parrain. Kwetu ndiyo kazi yake: ndoa ikiyumba, unaanza kwake kabla ya kwenda kwa mtu mwingine. Alinipikia chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Binti yangu, bwana yako iko na mawazo ya kazi," akasema. "Usimufuatefuate. Mupikie muzuri, umuombee."

Nilimtii. Kila asubuhi nilimfungia mume wangu wali na maharage, nikaweka kiganja juu ya mfuniko nikaomba.

Siku moja nilikuwa sina zamu saluni, na yeye akasahau chakula mezani. Nikapanda taxi mpaka Mobeni nimpelekee. Mlinzi wa getini alikuwa mtu mzima, mpole. Nilipotaja jina aliniangalia kwanza, kisha akasema kwa Kiingereza cha polepole kwamba huyo hafanyi kazi pale tena, walipunguza watu tangu kabla ya Pasaka. Akaniuliza kama mimi ni dada yake.

Nikasema ndiyo. Niliona haya kusema ni mke wake.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa marraine, nikiogopa labda mume wangu ana mwanamke, labda ameingia kwenye mambo ya wizi. Nilimweleza nikiwa bado nimesimama mlangoni. Hakushtuka. Aliketi tu, akalaza mikono mapajani.

"Basi umejua," akasema.

Alinieleza yote. Mume wangu na mume wake walikuwa wanashinda kwenye duka la kubeti mjini, wakitazama farasi wakikimbia kwenye televisheni. Parrain ndiye aliyemwingiza. Ile pesa aliyopewa alipoachishwa kazi ilikuwa imeishia pale.

"Na wewe uliniambia nipike," nikamwambia.

"Ningesema, nyumba mbili zingevunjika."

Jioni mume wangu aliingia saa yake ya kawaida, amevaa ovaroli. Nilimuuliza kama leo wamebeba magodoro mengi.

"Mengi sana," akajibu. "Mugongo inauma."

Nikamwambia nimetoka Mobeni. Alibaki ameshika kamba ya kiatu, hakuifungua wala hakuiachia. Baadaye akasema kwamba kila asubuhi alijiambia leo atarudisha kilichopotea, kisha atafute kazi na mimi nisijue kitu. Nilimwambia akalale sebuleni.

Mwenye saluni, mama mmoja wa Kizulu, ndiye aliyeniambia kuna namba ya simu ya bure ya kusaidia watu walioshikwa na kamari. Mume wangu alikataa siku kadhaa. Mwishowe akapiga mwenyewe, bafuni, mlango ukiwa wazi. Wakampa mshauri, mwanamke wa makamo, wakasema mara ya kwanza twende wote wawili. Nilikwenda nikitaka mtu amgombeze. Yule mama alimwachia aongee, kisha akanigeukia.

"Huu ni ugonjwa na unatibika," akasema. "Lakini umedanganywa. Una haki ya kukasirika, na usiharakishe kumwamini."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo.

Mume wangu aliendelea kwenda kila wiki. Alijiandikisha mwenyewe azuiwe kuingia kwenye kasino na kwenye maduka ya kubeti, wakampiga picha. Aliteleza mara moja, akabeti kwa simu ya rafiki, na akaniambia jioni ileile kabla sijamuuliza. Alipopata kazi ya kupakia samani, aliomba mwenyewe mshahara upitie kwangu.

Alimwomba parrain waende pamoja kwa mshauri. Parrain alicheka. "Mimi siko mugonjwa," akasema, na kanisani akasambaza kwamba nimempeleka mume wangu kwa daktari wa wendawazimu. Watu niliowasuka bure siku za harusi zao waliacha kunisalimia. Tukahamia kanisa lingine, la Wazulu, ambako mahubiri tunayaelewa nusu.

Marraine alikuja saluni miaka miwili baadaye. Alikuwa amekonda. Aliniomba ile namba ya simu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji nyumba ya jirani. Nilimwandikia. Alitaka kunishika mkono, nikamwambia nina mteja, na kiti changu kilikuwa kitupu.

Mume wangu aliniomba msamaha, akataja uongo wake mmoja baada ya mwingine, mpaka ule wa kanisani. Naye naishi, na siku nyingi tunaishi vizuri. Marraine hajawahi kuniomba msamaha. Nasikia mzee wake alipiga ile namba mara moja, akakata kabla hawajapokea. Namhurumia yule mama, lakini nyumbani kwake sijawahi kurudi.