Mwalimu Justa Ainyoosha Vudee

Wananchi wote wa Same, wa milimani na wa tambarare, wenye shingo na wale ambao kichwa kimekaa juu ya mabega bila kupitia popote, mnatangaziwa kwamba mgongo wa binadamu umepata msimamizi. Kuanzia mwezi wa tano mwaka huu, hakuna mtu wa Vudee anayeruhusiwa kusimama anavyojisikia. Atasimama anavyoelekezwa. Mwenye mamlaka juu ya visigino, makalio, mabega na visogo vyote vya kijiji ni Mwalimu Justa Eliezeri, miaka hamsini na minne, mjane, mwalimu wa darasa la tatu, mwalimu wa kwaya kuu ya usharika, na mwenye cheti chenye muhuri.

Cheti hicho alikipata Same mjini, kwenye mafunzo ya siku tatu ya mkao na utambuzi wa mwili kwa wasanii na walimu. Mkufunzi alikuwa Irine, dada mwembamba aliyekuja na mkeka wake kwapani na kukaa chini, huku viti vya ukumbi vikimtazama. Jambo la kwanza aliwaamuru watu wazima arobaini walale chali wazifikirie nyayo zao. Baada ya dakika kumi, nusu walikuwa wanakoroma. Aliyekoroma zaidi, mwalimu mkuu mmoja kutoka Lembeni, alipongezwa mbele ya wote kwa kuuachia mwili kuliko wenzake.

Justa hakulala. Justa aliandika. Aliandika kwamba mwalimu akiikunja shingo kufuata madaftari kwa miaka thelathini, sauti inajifungia kooni na kutupa ufunguo. Aliandika kwamba mwimbaji anaanza kuimba kwa nyayo. Na siku ya mwisho aliandika neno lililomgusa kuliko yote. Irine alisema: "Hisia zenu zitawadanganya. Unajiona umenyooka, kumbe umepinda tangu utoto. Usijiamini. Tafuta kitu kilichonyooka, ujipime nacho."

Akalipigia mstari mara mbili. Balaa lote lilianzia kwenye mistari hiyo miwili.

Maana Justa alikuwa na haraka ya kunyoosha watu. Kwaya kuu ilikuwa imeshika mkia kwenye mashindano ya jimbo miaka mitatu mfululizo. Mzee Melkizedeki, mzee wa kanisa mwenye tumbo linalotangulia ibada, alimwita pembeni baada ya ibada ya Pasaka.

"Mwalimu, sisi tunakuheshimu sana."

Mzee wa kanisa akianza hivyo, tafuta pa kukaa.

"Mkishika mkia tena mwezi wa nane," akaendelea, "tunaiunganisha kwaya yako na ya vijana. Fimbo ataishika Stefani."

Stefani wa kwaya ya vijana ana miaka ishirini na minne na kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe hata mwenyewe akienda kunywa chai. Fimbo ya Justa, kwa upande wake, ni kijiti cha mpera alichokichonga marehemu mume wake. Ameongoza kwaya kwa kijiti hicho miaka ishirini na miwili. Alikishika kwa mikono miwili wakati Melkizedeki anaongea, kama mtu anayeogopa kukwapuliwa simu.

Kwa hiyo alihitaji kitu kilichonyooka, na upesi. Vudee nzima ni mteremko. Mashamba ya tangawizi yameinama, nyumba zimeinama, hata kuku akitaga lazima alishike yai. Kitu pekee ambacho kila mtu pale angeapa kimenyooka ni ukuta wa kanisa. Kanisa lile lilijengwa kwa msaragambo, enzi pembe ikipigwa asubuhi na kila nyumba inatoa mtu na jiwe lake. Hadi leo watu wanaonyeshana: lile la babu, lile la shangazi aliyeolewa Kileo. Aliyeyapanga mawe yote hayo ni fundi Gadiel, sasa marehemu, na jina lake limechorwa juu ya mlango. Kusema neno baya juu ya ukuta ule ni kutukana kijiji kizima pamoja na makaburi yake.

Justa akawapanga wanakwaya ukutani, upande wa bondeni. Visigino viguse, makalio yaguse, mabega yaguse, kisogo kiguse. Kisha wahesabu hadi hamsini, watembee hatua tano bila kubadilisha kitu, waimbe.

"Mwalimu," alilia Dorkas wa sauti ya kwanza, mwanamke aliyejaaliwa, "makalio haya nimezaliwa nayo. Yakigusa ukuta, mabega yanabaki Lembeni."

"Yalete mabega, Dorkas. Makalio yatasubiri."

"Mbona najisikia kama naanguka mbele?"

"Hisia zako zinakudanganya."

"Na vidole vya miguu vimeng'ang'ania udongo!"

"Ndiyo utambuzi wa mwili huo. Zamani ulikuwa hujui kama unavyo."

Wiki ya pili waliacha kulalamika. Wiki ya nne walikuwa wamezoea. Isipokuwa Loth.

Loth ni fundi mwashi, miaka thelathini na tisa, besi ya pili, mtoto wa marehemu Gadiel. Justa alimfundisha darasa la tatu na hajawahi kuacha. Kila zoezi Loth aliugusa ukuta kidogo kama mtu anayegusa sufuria ya moto, halafu anasimama peke yake, mbali kidogo, mtulivu kama nguzo ya umeme.

"Loth! Unalalia nyuma!"

"Nimesimama, Mwalimu."

"Wenzako thelathini wako hivi. Wewe mmoja uko vile. Nani amepinda?"

Loth akatazama viatu vyake. "Mimi, Mwalimu."

"Nenda nyuma kabisa."

Miezi mitatu Loth aliimba kutoka nyuma kabisa, na miezi mitatu akaitwa Kombo na wanawake wa sauti ya pili, naye akaitikia. Darasa la tatu nalo lilipelekwa ukutani. Baadaye hata sokoni ukaanza kumjua mtu wa Vudee kwa mbali: anakuja kama anayetaka kukunong'oneza jambo.

Mwezi wa nane wakashuka Same, wanakwaya thelathini na Loth, sare za kijani, kwenye fuso lililokuwa limebeba tangawizi jana yake, kwa hiyo walinukia kama chai. Ukumbi ulikuwa wa saruji, tambarare kama meza. Kwenye meza ya majaji alikaa Irine, jaji wa mkao. Mzee Melkizedeki alikaa safu ya mbele ya wageni, Stefani pembeni yake na kinanda mapajani, tayari kurithi.

Kwaya ikapanda jukwaani. Ikasimama kama ilivyofundishwa. Watu thelathini wakainamia ukumbi kwa pamoja, kiwango kimoja, kama mahindi yaliyopitiwa na upepo mmoja. Mgeni mmoja wa safu ya mbele alirudisha kiti nyuma. Wa pili akafuata. Melkizedeki alibaki, lakini aliweka mkono mbele ya tumbo, kwa tahadhari.

Justa naye alikuwa mwanafunzi bora wa ukuta ule. Yeye akawainamia wao, wao wakamwinamia yeye, na kati ya paji lake na la Dorkas lingepita daftari, tena jembamba.

Akainua fimbo. Na lazima tuseme ukweli hata kama unauma: sauti ilitoka. Shingo zilikuwa huru, mbavu zimefunguka, na nyayo zilikuwa zinafanya kazi kuliko siku yoyote katika historia ya usharika, maana zisingefanya kazi, kwaya ingeanguka yote.

Katika ubeti wa pili Justa aliinua macho kumtafuta Loth, amkemee kwa jicho. Nyuma ya Loth kulikuwa na mlango mrefu wa ukumbi. Loth alikuwa sambamba na fremu ya mlango ule, kama wamezaliwa pacha. Justa akawatazama wengine thelathini. Akaitazama fremu. Akamtazama Loth tena.

Fimbo haikusimama. Lakini waliozijua nyuso za Justa wanasema ubeti wa tatu aliuongoza kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha maharage jikoni.

Walipotoka nje, kabla hata ya kunywa maji, alimvuta Loth nyuma ya ukumbi.

"Shikamoo Mwalimu," alisema Loth, ingawa walishaamkiana asubuhi.

"Marahaba. Toa timazi."

Fundi hatembei bila timazi. Loth aliitoa mfukoni, kamba na kile kipande chake cha chuma, akaining'iniza usawa wa sikio la Justa. Chuma kikatua kwenye vidole vyake vya miguu, badala ya kifundoni.

"Ukuta wa baba yako," alisema Justa.

"Unaangukia nje. Vidole vinne kwa kimo cha mtu. Niliupima nikiwa na miaka kumi na saba."

"Naye alijua?"

"Alinikuta nikipima. Aliikunja kamba, akanirudishia, akaenda shambani."

"Na mimi miezi mitatu nakuambia umepinda mbele ya watu, wewe umenyamaza?"

Loth akaikunja kamba taratibu. "Jina lake liko pale juu ya mlango, Mwalimu. Na yale mawe ni ya kila mtu. Afadhali nipinde mimi."

Wakaitwa ndani kusikia matokeo.

Irine alishika kipaza sauti kwa vidole viwili. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona mazao ya mkono wake, kwamba kwaya ya Vudee imeonyesha mwili usiomsubiri msikilizaji, mwili unaomwendea. Mkao: alama tisa kwa kumi. "Moja tumeikata," aliongeza kwa masikitiko, "kwa sababu ya ndugu mmoja wa nyuma ambaye hakuwa pamoja na wenzake."

Dorkas aligeuka. "Kombo! Umetuponza!"

"Nisameheni," alisema Loth.

Kwaya kuu ya Vudee ikawa ya pili kati ya saba. Mzee Melkizedeki alisimama akatangaza kwamba yeye alijua tangu Pasaka, na kwamba fimbo itabaki palepale ilipo. Stefani akasema, "Hongera mama," akakifunika kinanda chake kwa kitambaa kama maiti.

Kisha Irine akaja na simu imenyooshwa mbele, inarekodi. Wanakwaya wakajazana nyuma ya mwalimu wao, wameinama vizuri ili waonekane. Loth akabana pumzi.

"Mwalimu Justa," alisema Irine, "wasanii na walimu wa nchi nzima watataka kujua. Mwinamo huu, wa watu thelathini kwa pamoja, wenye unyenyekevu na nguvu, unaoeleza safari ya roho kuelekea kwa jirani: siri yake mmeipata wapi?"

Justa alimtazama Loth. Akaitazama fimbo yake ya mpera.

"Ukutani," akasema.