Cheti cha Tata Kabeya

Huwa nacheka nikikumbuka, halafu naacha kucheka. Wakati watu wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa Kolwezi kwa kuitwa wageni, mi nilikuwa karani wa kompyuta kwenye ofisi ya mgodi. Vyeti vyao vya kazi vilihifadhiwa kwenye mafaili ya toleo la zamani ambalo kompyuta mpya zilikataa kulifungua, na bila cheti mtu angepanda treni ya kurudi Kasai bila ushahidi wa miaka yake ya kazi. Basi nikaandika programu ndogo ya kuvigeuza vyote kwa mkupuo. Nilikuwa na hamu ya kuona kama mashine itanitii. Ikatii! Majina yalikimbia kwenye kioo, nami nikawaita wenzangu waje kuona fundi. Nilikagua kama mistari imenyooka, nikavichapisha na kuvigawa; kusoma, sikusoma.

Tata Kabeya, mzee aliyechimba shaba tangu ujana, alisoma chake palepale dirishani.

"Mwana, hapa banaandika niliingia kazi leo."

Nikachungulia. Penye tarehe ya kuanza kazi, mashine ilimwandikia kila mtu tarehe ya siku ile.

"Basi mi niko mugeni," akasema, mizigo yake ikiwa miguuni. "Sasa mugeni munamufukuza siku ileile anafika?"