Tulivyochagua Programu ya Kuchorea Ramani Newala

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Masasi, Mkuu wa Idara hakunipa chaki. Alinipa penseli na wembe, akaniambia nichonge, kisha nichore mstari mmoja. Nikauchora. Akautazama, akasema nirudie. Nilirudia mpaka kengele ya chai ikagongwa, huku nikimchukia kwelikweli. Enzi hizo mwalimu wa uchoraji wa ramani za majengo alikuwa na ubao, rula ya T ya kunyooshea mistari, na karatasi ambayo ole wako uichafue.

Kompyuta zilinikuta Newala, kwenye chuo cha ufundi, nimeshaota mvi. Vijana msicheke, nilijifunza kushika mausi nikiwa nimeshazoea kuitwa bibi. Tena niliipenda. Ukichora nyumba kwa kompyuta unaweza kuigeuza upendavyo, na ukaona mkato wake, yaani ndani panavyoonekana kama umeipasua kwa msumeno.

Ugomvi ulikuja tulipotakiwa kuchagua programu moja ya kufundishia. Mkuu wa Chuo, mtu wa Moshi, mchapakazi na mbishi kama mimi, aliitaka ile inayotumika kwenye ofisi za mjini. Wafadhili wangetulipia leseni, yaani kibali cha kuitumia, kwa mwaka mmoja. Mimi niliitaka ya bure, ambayo mwanafunzi anaondoka nayo moja kwa moja.

"Mama Neema," aliniambia, "waajiri wanaulizia ile. Ukiwafundisha hii yako, unawafungia hukuhuku."

Maneno yale yaliniuma, kwa sababu yangeweza kuwa kweli. Nikaomba tuwasikilize wazazi kwanza.

Kwenye kikao alikuwepo Mama Joyce wa Mkunya. Alikuwa ameuza korosho akamnunulia binti yake kompyuta ya mtumba, ili awe anawachorea watu nyumba. Mkuu alipomaliza kuisifu programu yake, yule mama akasimama, akauliza kama mwaka ukiisha kompyuta ya Joyce itaendelea kuifungua. Mkuu hakuwa mtu wa uongo. Alisema hapana, mpaka alipie tena, na hivyo kila mwaka.

"Sie hela tunaishika msimu wa korosho," akasema Mama Joyce. "Wakinidai mwezi wa nne, niwapelekee mihogo?"

Ukumbi ulicheka, na Mkuu naye akacheka. Kesho yake alinikubalia, lakini kwa sharti. Vijana wa kwanza wakikataliwa kazini kwa ajili ya programu yangu, somo lile naliacha. Nilikubali kwa sauti ya kujiamini, ingawa sikujiamini.

Tangu hapo nilikaza. Sikutaka wakariri vitufe, nilitaka wajue vipimo. Joyce nilimpa achore tangi la kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye paa, kitu ambacho huku kila nyumba inakihitaji. Nilimrudishia kazi ile mpaka akalia. Sikumhurumia, na hadi leo sijutii.

Alikwenda mazoezini kwa mkandarasi mmoja Mtwara. Alipopiga simu nilikuwa ofisini kwa Mkuu, nikaweka spika ili na yeye asikie.

"Shikamoo, Mwalimu. Wamenipa ile programu ya mjini."

"Marahaba. Enhe?"

"Vitufe tu vimehamahama. Wamenipa ngazi ya ghorofa, nimeichora, wameikubali. Wanataka nibaki."

Nililia mbele ya bosi wangu bila aibu. Mkuu alisubiri nimalize, akasema, "Somo ni lako, Mama Neema." Nililifundisha mpaka nikastaafu.

Sasa napalilia mikorosho yangu. Joyce akija likizo hufungua kompyuta yake nyumbani Mkunya, akawachorea majirani, na mama yake humsimamia pembeni akiamuru jiko lipanuliwe. Walimu vijana nao hunijia kuuliza programu ipi ni bora. Wanataka niwatajie jina. Silitaji. Nawaelekeza nyumbani kwa Mama Joyce.